Modeli za upotevu wa mawimbi ya redio

Modeli za upotevu wa mawimbi ya redio ni kanuni za hisabati zinazotumika kukadiria nguvu ya wimbi la redio inayopotea njiani kati ya antena inayorusha na antena inayopokea. Hutumiwa na wahandisi wa simu za mkononi wanapochagua mahali pa kusimika mnara, na vituo vya redio na televisheni vinapopanga eneo la matangazo, na mabaharia, na majeshi, pamoja na wahifadhi wa wanyamapori wanaofuatilia wanyama waliovishwa kola.

Kiasi kinachopotea hutegemea umbali, masafa ya wimbi, kimo cha antena na, zaidi ya yote, mazingira ambamo wimbi linapita. Wimbi linaloweza kusafiri mamia ya kilomita angani huzimika baada ya kilomita chache likiingia msituni, na baada ya sentimita kadhaa tu likiingia katika maji ya chumvi. Kwa hiyo hakuna modeli moja inayofaa kila mahali. Nyingi zilitokana na vipimo vilivyochukuliwa mahali fulani, na anayezitumia kwingine huchukua pamoja nazo miti, majengo na hali ya hewa ya mahali pale, mara nyingi bila kujua.

Desibeli na bajeti ya nguvu

Upotevu hupimwa kwa desibeli, kifupi chake dB. Kipimo hiki hufuata logi ya msingi wa 10: kupoteza dB 3 ni kubaki na nusu ya nguvu, dB 10 ni kubaki na sehemu moja ya kumi, dB 20 sehemu moja ya mia, dB 30 sehemu moja ya elfu. Faida yake ni kwamba mambo ambayo kwa kawaida yangezidishwa hujumlishwa tu. Upotevu wa umbali ukiwa dB 110 na wa miti dB 20, jumla ni dB 130.

Ili hesabu zieleweke, makala hii inatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Faru amevishwa kola yenye kirushio kidogo cha redio kinachotumia teknolojia ya LoRa kwa masafa ya megahezi (MHz) 868. Mitandao ya namna hii imefungwa katika hifadhi kadhaa za Afrika, zikiwemo Akagera nchini Rwanda na Mkomazi nchini Tanzania. Tarakimu zinazofuata hata hivyo ni za mfano wa darasani, si za hifadhi yoyote. Kola iko mita 1.5 juu ya ardhi, na antena ya kupokea iko juu ya mnara wa mita 30.

Kola hurusha miliwati 25, yaani dB 14 juu ya miliwati moja. Kipokezi cha LoRa katika mpangilio wake wa polepole huweza kutambua ujumbe ulio dhaifu kufikia takriban dB 137 chini ya miliwati moja. Tofauti kati ya tarakimu hizi mbili ni dB 151, na hiyo ndiyo bajeti yote ya safari. Upotevu ukibaki chini ya 151, askari wa wanyamapori anamwona faru kwenye ramani. Ukizidi, alama inabaki pale ilipoonekana mara ya mwisho, na hakuna anayejua kama mnyama amehama, amelala bondeni au ameuawa.

Bajeti ya dB 151 maana yake nguvu inaweza kugawanywa mara milioni elfu elfu elfu na bado ikasikika. Ni nyingi sana. Lakini maumbile yanajua kuitumia.

Anga tupu

Modeli ya msingi kuliko zote huchukulia kwamba kati ya antena mbili hakuna kitu: hakuna ardhi, miti wala mvua. Wimbi linatanuka kama tufe, na kadiri linavyotanuka nguvu ileile inaenea juu ya eneo kubwa zaidi. Harald Friis, mhandisi mzaliwa wa Denmark aliyefanya kazi katika maabara za Bell nchini Marekani, aliichapisha kanuni yake mwaka 1946. Ikiandikwa kwa desibeli huwa hivi:

L = 32.4 + 20 log f + 20 log d

Hapa L ni upotevu, f ni masafa kwa MHz, na d ni umbali kwa kilomita. Kwa MHz 868 upotevu wa kilomita 1 ni dB 91, na wa kilomita 10 ni dB 111. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, zinapotea dB 6 zaidi.

Kwa kanuni hii kola ya faru ingesikika hadi karibu kilomita 980, yaani mbali kuliko kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa mstari ulionyooka. Jibu hilo si kosa la hesabu. Angani ni kweli: vifaa vya LoRa vilivyobebwa na maputo ya utafiti vimesikika mamia ya kilomita. Kosa ni kumfanya faru aelee angani. Kanuni ya Friis ifaa kuchukuliwa kama sakafu: kwa kawaida juu ya ardhi hali huwa mbaya kuliko inavyosema.

Ardhi na upeo

Antena zikiwa karibu na ardhi, mawimbi mawili hufika kwenye kipokezi: moja limekuja moja kwa moja, jingine limegonga ardhi na kuakisiwa. Karibu na mnara mawimbi haya hupishana, yakisaidiana hapa na kuuana pale, hivyo nguvu hupanda na kushuka ovyo. Baada ya umbali fulani yanaanza kupingana mfululizo, na upotevu hufuata kanuni nyingine:

L = 40 log d − 20 log h1 − 20 log h2

Umbali d sasa ni kwa mita, na h1 na h2 ni vimo vya antena kwa mita. Katika mfano wetu kanuni hii huanza kufaa baada ya nusu kilomita hivi. Mambo mawili yanastahili kuangaliwa. Umbali ukiongezeka mara mbili sasa zinapotea dB 12 badala ya 6. Pia masafa yametoweka kabisa kwenye kanuni na nafasi yake imechukuliwa na kimo. Mnara ukirefushwa mara mbili, dB 6 zinarudi.

Kwa kilomita 10 upotevu wa kola yetu sasa ni dB 127, yaani 16 zaidi ya anga tupu. Bajeti ingemaliziwa kwenye kilomita 40, ila kabla ya hapo mviringo wa dunia unaingia kati. Hewa ya chini hupinda mawimbi kidogo kuelekea ardhini, hivyo upeo wa redio huenda mbali kidogo kuliko upeo wa macho. Kwa kawaida hukadiriwa kuwa 4.12 mara jumla ya vipeuo vya pili vya vimo vya antena mbili, jibu likiwa kwa kilomita. Kwa mita 30 na mita 1.5 ni kilomita 28 hivi. Antena hiyohiyo ikipandishwa kwenye ndege iliyo mita 300 juu ya ardhi, upeo unakuwa kilomita 76. Mtafiti Iain Douglas-Hamilton, aliyewachunguza tembo wa Ziwa Manyara tangu miaka ya 1960, alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuwafunga tembo kola za redio, na ndege ndogo ilikuwa sehemu ya kazi hiyo kwa sababu hii ya kimo.

Kuona mnara kwa macho hakutoshi. Wimbi halisafiri kama uzi, bali hujaza nafasi yenye umbo la boga refu kati ya antena mbili, inayoitwa eneo la Fresnel kwa jina la mwanafizikia wa Ufaransa Augustin-Jean Fresnel. Kwa masafa yetu na umbali wa kilomita 10, unene wa boga hilo katikati ya njia ni kama mita 29 kwenda kila upande. Wahandisi hujitahidi walau asilimia 60 ya nafasi hiyo iwe wazi. Ukingo wa kilima ukigusa tu mstari wa macho bila kuuziba, nguvu hupungua kwa dB 6 tayari.

Vipimo vya Tokyo

Katika miaka ya 1960 Yoshihisa Okumura na wenzake walizunguka Tokyo na maeneo ya jirani na gari lenye vipokezi, wakapima nguvu ya mawimbi na kuchora michoro mingi. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1968. Mwaka 1980 Masaharu Hata aliigeuza michoro kuwa kanuni fupi ambazo mtu anaweza kuzikokotoa kwa kikokotoo cha mkononi. Modeli ya Okumura-Hata ndiyo iliyopanga sehemu kubwa ya minara ya kwanza ya simu za mkononi duniani, na hadi leo wanafunzi wa uhandisi huanza nayo.

Ina mipaka iliyotajwa wazi: masafa ya MHz 150 hadi 1,500, mnara wa mita 30 hadi 200, kifaa cha mkononi mita 1 hadi 10 kutoka ardhini, na umbali wa kilomita 1 hadi 20. Inatoa kanuni ya mji, kisha marekebisho ya kitongoji na ya eneo la wazi. Kwa kola yetu iliyo kilomita 10 kutoka kwenye mnara, jibu la mji ni dB 161, na la eneo la wazi ni dB 133. Tofauti ya dB 28 ni sawa na mara 700 hivi ya nguvu. Mjini ujumbe haufiki. Uwandani unafika na dB 18 zinabaki.

Jambo la kukumbuka ni kwamba „eneo la wazi“ la Hata ni mashamba na viwanja vya Japani. Hakuna mbuyu wala kichaka cha mikwaju katika takwimu zile. Mbuga yenye miti ya migunga iliyotawanyika iko mahali fulani kati ya kitongoji na eneo la wazi, na modeli haisemi ni wapi.

Kwa umbo rahisi zaidi, modeli za aina hii zote huandikwa hivi:

L = L0 + 10 n log (d/d0) + X

L0 ni upotevu uliopimwa kwenye umbali mdogo d0, n ni kipeo cha upotevu, na X ni bahati nasibu. Kipeo n ni 2 katika anga tupu na 4 katika kanuni ya mawimbi mawili. Kwa mnara wetu Hata anatoa 3.5 hivi.

Herufi X ndiyo inayosahauliwa zaidi. Sehemu mbili zilizo umbali uleule kutoka kwenye mnara hazipati nguvu sawa, kwa kuwa moja iko nyuma ya mwamba na nyingine haiko. Ikichorwa kwa desibeli, tofauti hiyo hufuata mgawanyo wa kawaida, na mara nyingi mchepuko wake huwa kati ya dB 6 na 10. Jibu la modeli ni la katikati tu. Modeli ikisema kwamba kwenye umbali fulani upotevu unalingana sawasawa na bajeti, maana yake ni kwamba nusu ya sehemu za umbali huo hazina mawasiliano. Mchepuko ukiwa dB 8, anayetaka sehemu 9 kati ya 10 zisikike anapaswa kuweka akiba ya dB 10 hivi.

Milima na mabonde

Mahali penye milima, kanuni zinazotumia umbali peke yake hazisaidii sana. Anita Longley na Phil Rice, waliofanya kazi Boulder, Colorado, walitoa mwaka 1968 modeli ya kompyuta inayosoma umbo la ardhi kati ya antena mbili na kukadiria jinsi wimbi linavyopinda juu ya vilima. Hufanya kazi kuanzia MHz 20 hadi gigahezi (GHz) 20, na humtaka mtumiaji achague aina ya tabianchi, zikiwemo ya ikweta, ya jangwa na ya bahari.

Zamani ramani za kimo zilikuwa kikwazo. Februari 2000 chombo cha angani cha Marekani Endeavour kilipima kwa rada kimo cha sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia, na takwimu hizo, zijulikanazo kama SRTM, zinapatikana bure. Programu nyingi za kupanga minara huzitumia. Kuna mtego mmoja: rada ile haikupenya vizuri majani, kwa hiyo katika msitu mnene kimo kinachoandikwa kiko karibu na vilele vya miti kuliko udongo. Anayeongeza upotevu wa miti juu ya ramani hiyo bila kujua huihesabu miti mara mbili, kwanza kama kilima na kisha kama msitu.

Misitu

Mti ni kizuizi cha ajabu. Shina linakinga, matawi yanatawanya, na maji yaliyo ndani ya majani yanafyonza. Kwa masafa ya chini, ambayo mawimbi yake ni marefu kuliko matawi, msitu huonekana kwa wimbi kama ukungu mwembamba. Kwa masafa ya juu kila jani ni kizuizi chake.

Kanuni inayotajwa sana ni ya Weissberger, iliyotolewa mwaka 1982. Kwa uoto wenye kina cha mita 14 hadi 400:

L = 1.33 × f^0.284 × d^0.588

Masafa hapa ni kwa GHz na d ni kina cha uoto kwa mita. Upotevu huu hujumlishwa juu ya ule wa umbali. Faru wetu akiingia mita 100 ndani ya msitu, Weissberger anasema zitapotea dB 19 zaidi. Modeli ya awali ya Shirika la Mawasiliano Duniani (ITU), ambayo masafa yake huandikwa kwa MHz, ni 0.2 × f^0.3 × d^0.6, nayo kwa msitu uleule inasema dB 24.

Rudi sasa kwenye bajeti. Kwa kilomita 10 uwandani tulibakiwa na dB 18. Kwa Weissberger tumepungukiwa na dB 1. Kwa ITU tumepungukiwa na dB 6. Modeli zote mbili zinasema faru amepotea kwenye ramani, lakini mpangaji akitaka kujua asogeze mnara kiasi gani, tofauti yao ina gharama. Kwa kipeo cha 3.5, dB 5 ni sawa na kupunguza umbali kwa zaidi ya robo.

Modeli ipi iaminiwe? Weissberger alikusanya vipimo vya miti iliyosongamana, mikavu, yenye majani, ya nchi zenye tabianchi ya wastani. Msitu wa mvua wa Kongo si mkavu kamwe. Miombo, inayofunika sehemu kubwa ya magharibi na kusini mwa Tanzania, hupukutisha majani wakati wa kiangazi na kuchipua upya karibu na masika ya kwanza, hivyo mahali palepale pana upotevu mmoja mwezi wa Agosti na mwingine mwezi wa Januari. Vipimo vikichukuliwa wakati barabara zinapitika, yaani kiangazi, mtandao huonekana mzuri, kisha husuasua mvua zikianza. Hilo ni kosa la kawaida sana, na ni rahisi kulieleza: hakuna anayependa kukwama kwenye matope akiwa na antena mkononi.

Ikiwa msitu ni mpana, kanuni hizi zote za kuhesabu mita za majani huacha kufaa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wamarekani walipima mawasiliano katika misitu ya Panama, na katika miaka ya 1960 vipimo vikubwa zaidi vilifanywa Thailand, kwa sababu askari waliokuwa umbali mdogo tu kati yao msituni walishindwa kusikilizana. Jambo lililowashangaza watafiti ni kwamba baada ya umbali fulani upotevu haukuendelea kupanda kwa kasi ileile. Mwaka 1967 Theodor Tamir alieleza sababu. Wimbi hupanda kutoka kwenye antena hadi juu ya msitu, hutambaa juu ya vilele vya miti, kisha hushuka tena kwa mpokeaji. Linalipa ushuru mkubwa wakati wa kupanda na kushuka, lakini safari ya katikati hufuata kanuni inayofanana na ile ya ardhi, yaani logi ya umbali mara 40. Modeli ya Tamir ni ya masafa ya chini, takriban MHz 2 hadi 200.

Maana yake kwa vitendo ni kwamba msituni kupandisha antena hadi karibu na vilele husaidia kuliko kuongeza nguvu ya betri. Pia katika masafa ya VHF mawimbi yanayotetema wima hupungua zaidi ya yale yanayotetema kwa ulalo, kwa kuwa mashina nayo yamesimama wima.

Mapendekezo ya ITU ya sasa yanakubali jambo hilo kwa njia nyingine. Upotevu wa uoto huanza kwa kupanda mita kwa mita, halafu hukaribia kikomo ambacho hauvuki, kwani nguvu inayozunguka juu na kando ya miti inakuwa nyingi kuliko inayopenya. Kikomo chenyewe hupatikana kwa vipimo.

Mvua

Kwa masafa ya simu na ya LoRa, matone ya mvua hayana uzito. Hata mvua ya milimita 100 kwa saa hupunguza wimbi la GHz 1 kwa chini ya dB 0.01 kwa kilomita. Kinachobadilika ni majani yaliyolowa na udongo uliolowa.

Hali hugeuka masafa yakipanda zaidi ya GHz 10, ambako urefu wa wimbi unaanza kukaribia ukubwa wa tone. Kanuni ya ITU huchukua kiwango cha mvua R, hukipandisha kwa kipeo na kukizidisha kwa namba inayotegemea masafa. Kwa GHz 12, masafa ya madishi ya televisheni ya setilaiti, mvua ya milimita 50 kwa saa hupunguza dB 2.4 hivi kwa kilomita, na ya milimita 100 hupunguza dB 5.5. Dishi lenye akiba ndogo huzimika kilomita chache tu za mvua zikikaa kati yake na setilaiti, na kwa kawaida picha hurudi wingu likipita.

Katika ukanda wa tropiki modeli hizi hazitumii wastani wa mvua wa mwaka. Zinahitaji kiwango kinachozidiwa kwa asilimia 0.01 tu ya muda, yaani kama dakika 53 kwa mwaka mzima. Mahali pawili penye jumla sawa ya mvua huweza kutofautiana sana: pengine kunanyesha manyunyu siku nzima, pengine kunashuka mvua ya radi kwa nusu saa na kuacha. Vituo vinavyorekodi mvua kwa siku nzima haviwezi kuitofautisha moja na nyingine.

Bahari na maziwa

Maji ya bahari ni rafiki wa wimbi linalopita juu yake na adui wa linalotaka kupita ndani yake. Sababu ni moja: chumvi huyafanya yapitishe umeme vizuri.

Mawimbi ya redio ya masafa ya kati na ya chini, yale ya matangazo ya AM, hushikilia uso wa dunia na kuufuata. Juu ya mchanga mkavu hupoteza nguvu haraka; juu ya bahari hupoteza kidogo kidogo. Kwa masafa ya juu zaidi hakuna kilima wala mti, lakini uso wa maji yaliyotulia huakisi kama kioo, na kanuni ya mawimbi mawili hufuatwa karibu kikamilifu. Katika maziwa na mikondo yenye kujaa na kupwa, kina cha maji kikibadilika hata mita mbili tatu, wimbi la pili hubadilisha njia na mawasiliano yaliyokuwa mazuri asubuhi huharibika mchana bila chombo chochote kuguswa.

Upo pia upotevu unaokuwa mdogo kuliko ilivyotarajiwa. Juu ya bahari yenye joto, hewa iliyojaa unyevu hukaa chini na hewa kavu ya moto hutanda juu yake, na tabaka hizo mbili huwa kama mfereji unaolizuia wimbi lisipande. Upeo unaotokana na mviringo wa dunia hauna maana tena. Wakati wa Vita Kuu ya Pili rada ya MHz 200 iliyokuwa Bombay ilipokea mwangwi kutoka pwani ya Arabuni, umbali wa maili 1,700 au kilomita 2,700 hivi. Ghuba na bahari ya Oman ni kati ya sehemu zinazojulikana zaidi kwa mifereji hii. Anayepanga minara pwani huihofia kwa sababu kituo cha mbali kinachotumia masafa yaleyale huingilia ghafla.

Chini ya maji habari ni fupi. Katika maji ya bahari wimbi la MHz 868 hupoteza takriban dB 7 hadi 8 kwa kila sentimita. Bajeti yetu yote ya dB 151 huisha kwenye kina cha sentimita 20 hivi, hata kabla ya kuhesabu umbali wa angani. Ndiyo maana kifaa alichofungwa kasa hutuma ujumbe anapoibuka kupumua tu. Kushusha masafa husaidia: kwa kilohezi 10 nguvu hupungua dB 9 kwa kila mita 2.5. Marekani ilitumia hezi 76 kuwasiliana na nyambizi zake, kwa antena za urefu wa makumi ya kilomita katika majimbo ya Wisconsin na Michigan, hadi mwaka 2004 mtambo huo ulipofungwa. Masafa ya chini kiasi hicho hubeba herufi chache tu kwa dakika kadhaa, hivyo ujumbe ulikuwa mfupi sana. Maji baridi ya ziwa hayana chumvi nyingi na hupitisha zaidi, ingawa kwa masafa ya simu nayo hufyonza vikali.

Kupima na kurekebisha modeli

Njia ya kupata modeli ya mahali fulani haijabadilika sana tangu gari la Okumura. Kirushio chenye nguvu inayojulikana huwekwa katika kimo cha mnyama au kifaa kitakachotumika, hupelekwa sehemu nyingi, na kila mahali huandikwa nafasi ya GPS pamoja na nguvu iliyopokewa. Nukta hizo zikichorwa dhidi ya logi ya umbali, mstari unaopita katikati yake hutoa kipeo n, na jinsi zilivyotawanyika kuuzunguka mstari hutoa mchepuko wa X. Makumi machache ya nukta hutosha kwa makadirio ya kwanza, mradi ziwe katika kila aina ya uoto na katika misimu yote miwili. Mwili wa mnyama mwenyewe ni kizuizi pia, hivyo kola iliyopimwa juu ya mti mkavu huonekana bora kuliko ilivyo shingoni.

Katika kuchora nukta hizo kuna kosa lisiloonekana kwenye mchoro. Ujumbe uliofika huandikwa na kipokezi; usiofika hauandikwi. Mbali na mnara, sehemu zilizobahatika peke yake ndizo zinazoacha nukta, na mstari huinuliwa nazo. Kipeo kinatoka kidogo kuliko ukweli, na ramani ya mtandao hupakwa rangi ya kijani mahali ambapo kola nyingi hazisikiki. Kwa hiyo kirushio hupewa namba ya kila ujumbe kinaoutuma na kuihifadhi chenyewe, ili baadaye namba zilizorushwa zilinganishwe na zilizopokewa, na kila ujumbe uliokosekana uingizwe kwenye hesabu kama upotevu uliozidi dB 151.